Koti zito umeshanunua, begi dogo la afya je?

Mama mmoja wa Tegeta, msomaji wa safu hii, ameniandikia. Mwanawe wa miaka 23 aliyesomea mambo ya hoteli amepata mkataba wa miezi minne katika hoteli moja ya milimani nchini Austria, kuanzia Desemba hadi mwishoni mwa Machi. Huo ndio msimu ambao watu hufurika kwenye milima ya Alps kuteleza juu ya theluji, na hoteli, migahawa na maduka ya huko huhitaji wafanyakazi wa muda. Koti zito limeshanunuliwa, buti pia. Swali lake lilikuwa la mstari mmoja: "Daktari, nimpakie nini kingine?"

Si yeye peke yake. Nimekuwa nikipata maswali ya aina hiyo kutoka kwa wazazi wenye mabinti wanaokwenda kulea watoto katika familia za Ujerumani, wenye vijana walioko vyuoni, na hata ndugu zetu wanaoishi Uingereza ambao watoto wao hupelekwa na shule kuteleza kwa wiki moja. Kwa hiyo leo nawajibu wote kwa pamoja.

Koti lenyewe halinipi wasiwasi sana. Linauzwa kila kona huko, na mtu akilisahau, baridi itamkumbusha ndani ya dakika tano. Kinachonitia wasiwasi ni vile visivyouzwa kule mlimani: majibu ya vipimo, dawa alizozizoea, barua ya daktari, pamoja na vitu vidogo ambavyo mtu haoni umuhimu wake mpaka vidole vimeshakufa ganzi.

Homa ya wiki ya pili

Kitu cha kwanza kuingia kwenye begi ni kipande cha karatasi.

Kijana akiondoka Dar es Salaam, Mtwara, Mwanza au Kigoma mwanzoni mwa Desemba, anaweza kuwa ameondoka na vimelea vya malaria mwilini bila kujua. Aina ya malaria inayotusumbua zaidi Tanzania huanza kuonyesha dalili kuanzia siku 7 hivi hadi mwezi mmoja baada ya mtu kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa hadi miezi 3. Maana yake homa inaweza kumkuta akiwa kazini, katikati ya theluji, mahali ambapo hakuna mbu hata mmoja.

Sasa fikiria inavyokuwa. Ni Januari, msimu wa mafua makali Ulaya, kila mtu anakohoa. Kijana anafika kwa daktari wa kijiji cha mlimani na homa, kichwa kinauma, viungo vinauma. Daktari atafikiria mafua kabla ya kitu kingine chochote, na simlaumu, kwani huenda hajaona mgonjwa wa malaria tangu atoke chuoni. Kijana anaambiwa akapumzike, anywe maji mengi na vidonge vya kushusha homa. Lakini malaria hii haisubiri. Inaweza kugeuka kuwa malaria kali ndani ya siku moja au mbili, ikagusa ubongo au figo, na kumuua mtu ambaye kwao angepimwa kwenye zahanati ya mtaa na kupewa dawa siku hiyo hiyo.

Karatasi hiyo iandikwe kwa lugha ya huko aendako, Kijerumani kama ni Austria, Kifaransa kama ni Ufaransa. Iseme hivi: "Nimetoka Tanzania tarehe fulani. Tanzania kuna malaria. Nikiwa na homa naomba nipimwe malaria leo hii." Aiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho, aipige picha kwenye simu, na mwenzake wa chumbani aijue. Kwa miezi mitatu ya kwanza, homa yoyote ihesabiwe kuwa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Kipimo kimoja kikisema hakuna na homa ikaendelea, arudi apimwe tena kesho yake na keshokutwa, kwa sababu vimelea vikiwa vichache vinaweza visionekane mara ya kwanza.

Wazazi wengi huuliza kuhusu kumpakia dozi ya dawa mseto. Sioni ubaya, ikiwa imenunuliwa kwenye famasi inayoeleweka, iko kwenye pakiti yake na ina cheti cha daktari, kwa kuwa duka la dawa la kijijini kule huenda lisiwe nayo. Ila si ya kumeza kwa kuhisi. Ni ya kwenda nayo hospitali na kumwonyesha daktari. Ikigeuka kuwa sababu ya kubaki kitandani na kujitibu mwenyewe, bora asingekuwa nayo.

Damu yake unaijua?

Jambo la pili pia si nguo. Ni kipimo cha selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita.

Kama mwanao anaumwa selimundu, familia inajua tayari. Kinachotakiwa ni kuelewa mlima unafanya nini. Baridi hubana mishipa ya damu. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo. Na kwenye baridi mtu hahisi kiu, hivyo maji mwilini hupungua bila yeye kujua. Hayo matatu ndiyo yale yale tunayowaambia wagonjwa wa selimundu wayaepuke kila wanapokuja kliniki, na huko yanakuja yote kwa pamoja.

Tena urefu wa maeneo haya si wa mchezo. Kijiji cha Val Thorens nchini Ufaransa kiko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Breckenridge, Marekani, iko karibu mita 2,900. Pale Zermatt, Uswisi, gari la kuning'inia kwenye nyaya humpandisha mtu hadi mita 3,883. Arusha mjini ni kama mita 1,400 tu, na kibanda cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, ambacho wapandaji wa njia ya Marangu hukifikia siku ya pili, kiko mita 3,700 hivi. Gari la nyaya linakupita Horombo kabla ya chai ya saa nne.

Msimamo wangu ni huu: mwenye selimundu asisaini mkataba wa msimu mzima wa milimani kabla hajakaa na daktari wake wa damu. Kama kazi iko kwenye mji wa bondeni, mazungumzo yanawezekana. Kama ni hoteli ya mita 2,000 na zaidi, mimi ningemshauri atafute nafasi nyingine, hata kama mshahara unavutia.

Kundi linalosahaulika ni la wale waliobeba kinasaba kimoja tu. Hawa si wagonjwa. Wanacheza mpira, wanazaa, wanazeeka bila kujua, na Tanzania tunao wengi, hasa Kanda ya Ziwa na Pwani. Wengi wao watakwenda mlimani na kurudi salama. Lakini zipo taarifa za kitabibu za watu wa aina hii waliopanda maeneo ya juu sana na kupata tatizo la ghafla la bandama, pale damu inaposhindwa kupita na sehemu ya kiungo hicho ikafa. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, saa chache baada ya kufika juu. Mtu asiyejua hali yake atasema ni tumbo la safari, au atameza dawa ya vidonda vya tumbo. Anayejua atashuka mara moja na kumwambia daktari maneno mawili yatakayookoa muda.

Kwa hiyo kabla ya safari omba kipimo hicho hospitali. Kipimo cha haraka kikionyesha kuna selimundu, omba kile kikubwa kinachotofautisha mgonjwa na mbeba kinasaba, halafu nakala ya majibu iingie kwenye begi.

Pumu na kisukari nitavipitia kwa ufupi, kwa sababu mwenye magonjwa haya tayari ana utaratibu wake. Hewa kavu na baridi huamsha pumu. Kijana asiache pampu yake eti kwa sababu hajabanwa tangu kidato cha pili. Apakie mbili, moja ya akiba, na aivae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana pampu iliyopoa sana hutoa dawa pungufu. Akitoka nje afunike pua na mdomo kwa kitambaa cha shingo. Mwenye kisukari ajue kwamba insulini ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka, na kwa macho inaweza kuonekana nzima. Isikae dirishani, isikae mfuko wa nje wa koti, na kwenye ndege isiingie kwenye sanduku linalopelekwa chini. Mashine ya kupima sukari nayo hudanganya au hukataa kufanya kazi ikiwa na baridi. Aipashe kwapani kwanza. Pipi au glukosi zikae mfukoni, kwani kuteleza hutumia sukari nyingi kuliko anavyodhani.

Mikono na miguu

Hapa nitakaa kidogo.

Tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Marekani na Uingereza zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kwenye vidole vya mikono na miguu kwa wingi zaidi kuliko wenzao weupe waliokuwa kwenye mazingira yale yale. Mishipa ya vidole vyetu hubana zaidi na huchelewa kufunguka. Hii haimaanishi theluji si yetu. Mkenya Philip Boit alikwenda Finland kujifunza kuteleza na mwaka 1998 akashindana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japan. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari ili ampongeze. Maana yake ni kwamba kijana wako asijilinganishe na mwenzake Mwaustria anayetoa takataka nje akiwa mikono mitupu.

Tatizo jingine ni rangi. Vitabu vingi vinasema kidole kinachoanza kuganda huwa cheupe au chekundu. Kwenye ngozi yetu nyekundu haionekani vizuri. Mfundishe mwanao kutafuta kitu kingine: ngozi iliyopauka na kuwa ya kijivu kama majivu, inayong'aa kama nta ya mshumaa, ngumu ukiibonyeza, na kubwa kuliko yote, ganzi. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ghafla huku bado yuko nje, hiyo si nafuu. Aingie ndani.

Glovu ziwe jozi mbili nzito, si moja, kwa sababu moja italoa na itahitaji siku nzima kukauka. Zile za mfuko, ambamo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, hupasha joto kuliko zenye vidole vilivyotenganishwa. Ndani yake avae glovu nyembamba, ili akitaka kutumia simu au kufunga zipu asibaki mkono mtupu. Kwa mtoto, shona kamba ipite ndani ya mikono ya koti kutoka glovu moja hadi nyingine. Glovu ya mtoto ikidondoka kutoka kwenye kiti cha kupandia mlimani, ndiyo imekwenda.

Kuhusu soksi, wengi wetu hukosea kwa nia njema. Tunafikiri mbili nene ni bora kuliko moja. Ndani ya buti la kutelezea, ambalo ni gumu na linabana, soksi mbili hukaba mguu, damu haifiki vidoleni, na mguu unapoa zaidi. Inatakiwa moja tu, ndefu hadi chini ya goti, ya sufi au ya poliesta, kavu. Soksi za pamba zibaki nyumbani, pamoja na fulana za pamba zinazogusa mwili. Pamba hunyonya jasho na kukaa nalo, na kitu kilicholoa hunyang'anya mwili joto kwa kasi sana. Nguo ya kwanza iwe ya sufi au poliesta ya kubana, juu yake sweta, na mwisho koti lisilopitisha upepo na maji. Tatu nyembamba hushinda moja nene, kwa sababu unaweza kuvua moja kabla hujatoka jasho.

Na usitumie fedha nyingi hapa. Sweta za sufi halisi ziko kwenye mitumba, Karume Dar es Salaam, Memorial Moshi, au Gikomba kwa walioko Nairobi, na wanunuzi hawazigombanii kwa sababu ya joto letu. Soma lebo ya ndani: kama ni "wool", "Wolle", "laine" au "lana", hiyo ni sufi. Skii zenyewe, yaani zile mbao ndefu nyembamba, pamoja na buti na fimbo zake, hukodishwa hukohuko.

Mafuta mazito ya kupaka yapakiwe, kwa sababu hewa ya ndani yenye hita hukausha ngozi mpaka ipasuke, na pua hutoka damu. Apake usiku, na kidogo ndani ya matundu ya pua. Lakini kupaka mafuta usoni au vidoleni hakuzuii kuganda. Ngozi itajisikia vizuri na mtu atakaa nje muda mrefu zaidi kuliko alivyopaswa. Pombe nayo ni vivyo hivyo. Hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi moto huku joto la ndani likitoka. Vijana wa msimu hunywa sana baada ya kazi, na njia ya kurudi kulala ina theluji. Mwambie asirudi peke yake.

Kidole kikishaganda, kisisuguliwe, kisipakwe theluji, wala kisisogezwe kwenye moto au hita, kwa kuwa ganzi haitamwambia kwamba anaungua. Kitumbukizwe kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, kwa nusu saa hivi, kisha hospitali. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, asikiyeyushe kwanza, awahi hospitali hivyo hivyo. Kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Vile vifuko vidogo vya kupasha mikono ambavyo huuzwa huko ni vizuri, ila visigusane moja kwa moja na ngozi yenye ganzi.

Kitu kimoja ambacho ningekiweka juu ya orodha ya mfanyakazi wa hoteli, hata kabla ya kitu chochote cha kutelezea, ni vile vyuma vyenye meno vinavyovalishwa chini ya kiatu kwa mpira. Kijana anayebeba mizigo ya wageni anaweza asiguse skii mwezi mzima, lakini kila siku atavuka ua uliojaa barafu. Watu huanguka hapo, wakajikinga kwa mkono, na kifundo kikavunjika. Desemba jua la Alps huzama mnamo saa kumi na nusu jioni na huchomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo na tochi ndogo ya kichwani ina kazi.

Jua la theluji

Wazazi hushangaa ninapotaja jua. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na kila ukipanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mtu anapigwa na jua kutoka juu na kutoka chini.

Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini macho meusi hayana. Jicho linaweza kuungua, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mtu aliyetiwa mchanga machoni, machozi yanatoka na mwanga hautazamiki. Miwani inayouzwa na machinga kwenye foleni inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kabisa, kwa sababu giza lake hufungua mboni huku miale ikiendelea kupita. Nunua kwa mtaalamu wa macho, yenye kinga kamili ya miale, daraja la 3, au la 4 kwa anayekwenda juu sana. Ya daraja la 4 haifai kuendeshea gari.

Losheni ya kuzuia jua iwe ya kiwango cha 30 au zaidi, ipakwe pia chini ya kidevu na chini ya pua, mahali ambapo hapa nyumbani jua halifiki. Midomo iwe na mafuta yake yenye kinga hiyo. Kwa kijana mwenye ualbino hili si la hiari, na namshauri abebe akiba ya msimu mzima. Losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino, ilibuniwa kwa jua la kwetu na inafaa kusafiri nayo.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anaweza kupungukiwa na vitamini D. Mfanyakazi wa jikoni huingia kazini giza na kutoka giza, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini hiyo. Mamlaka za afya za Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku wakati wa majira ya baridi. Vidonge ni rahisi, na vinapatikana kote Ulaya.

Kichwa

Helmeti ni lazima, hata pale sheria isipolazimisha. Italia sasa inaitaka kwa watu wa umri wote kwenye viteremko vyake. Akodi au anunue mpya. Nimesifu mitumba hapo juu, lakini helmeti ya mtumba usinunue, maana ikishagonga mara moja ufa wake hauonekani na haitakinga mara ya pili.

Kwa wasichana, nywele zipangwe kabla ya safari. Rasta nene zilizofungwa kilele huinua helmeti ikakaa juu juu, na mtu akianguka inachomoka. Twende kilioni iliyolala vizuri kichwani ndiyo rafiki wa helmeti. Anayevaa hijabu atafute ile nyembamba ya michezo, ncha zake aziingize ndani ya koti. Kitambaa chochote kinachoning'inia, hijabu au skafu, kinaweza kunaswa na mashine ya kupandishia watu mlimani. Hereni za chuma zivuliwe, hupoza masikio.

Karatasi na dagaa

Bima iangaliwe kwa makini. Bima ya viza fupi ya Schengen hutakiwa kuwa na kiwango kisichopungua euro 30,000, lakini nyingi huacha nje michezo ya theluji. Anayekwenda kwa mkataba wa Austria mwajiri humwandikisha kwenye bima ya afya ya nchi. Hata hivyo akivunjika mguu akiteleza siku yake ya mapumziko, gharama ya helikopta ya kumtoa mlimani kwa kawaida haimo. Inahitaji bima ya ziada, na iulizwe kwa maandishi. Italia humtaka kila anayeteleza awe na bima ya madhara atakayomsababishia mwingine. Namba ya dharura Ulaya ni 112. Waokoaji wa milimani Austria ni 140, na Uswisi helikopta huitwa kwa 1414. Azihifadhi kwenye simu kabla ya kupanda ndege, na simu ikae mfuko wa ndani kwa kuwa betri huisha haraka kwenye baridi.

Dawa zote ziwe kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu, si ya kibiashara. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini zinahitaji kibali maalumu kuvuka mipaka, kwa hiyo ulizia ubalozi mapema. Fika kliniki wiki 6 kabla ya safari, ili chanjo zipate muda wa kufanya kazi na jino bovu lizibwe hapa, maana daktari wa meno wa huko ni ghali.

Karibu kila mzazi humalizia kwa kuuliza chakula. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, samli na maziwa havikubaliwi kuingia nchi za Umoja wa Ulaya kwenye begi la msafiri, na vitatupwa uwanja wa ndege. Samaki waliokaushwa kwa matumizi yake mwenyewe huruhusiwa hadi kilo 20. Dagaa wafungwe vizuri, mara mbili, wasinukie nguo.